Walimlilia wa Kwenye Runinga

Katika nyumba yetu kila mtu anaijua sheria hii: Mzee hageuzwi kwa hisani, hugeuzwa kwa saa.

Mimi ndiye huyo Mzee. Tangu nilipoanguka na kuvunjika shingo, hai ni kichwa tu. Ubavu usiogeuzwa huoza bila kuniarifu. Kidonda cha mwaka jana nusura kinizike.

Basi, wasomaji wangu, Jumamosi alasiri nilikuwa nimelazwa nikiutazama ukuta. Saa ya kugeuzwa ikafika... ikapita.

Sebuleni watu walikuwa wakilia.

"Kuna msiba gani huko?" nikaita.

"Hakuna, Baba," akajibu mkwe wangu, akipenga kamasi. "Ni filamu tu."

"Ya nini?"

Mwanangu, fundi umeme, akadakia: "Ya kigeni, Mzee. Imepata tuzo. Ni ya bwana mmoja aliyepooza mwili mzima."

"Saa yangu imepita."

"Dakika moja, Mzee. Ndiyo kwanza wanamgeuza, maskini."

Nikacheka peke yangu. Penye miti hapana wajenzi.

Mwanangu alipokuja hatimaye, alifunua shuka, akanywea. Ngozi ilikuwa imeiva, ila haijachubuka.

"Nisamehe, Mzee."

"Mbona hamkuniita tuitazame pamoja?"

"Tulichelea itakuumiza."

"Imeniumiza kupitia ukuta."

Akainamisha kichwa. "Basi niadhibu."

Nilikuwa mwalimu, sikuhitaji kuombwa mara mbili. Kitanda kikasukumwa hadi sebuleni, filamu ikarudishwa mwanzo, naye akalala chali kando yangu, mikono imenyooka, marufuku kujigusa hadi mwisho.

"Mzee, pua inaniwasha."

"Yangu inaniwasha tangu asubuhi."

"Vumilia, mume wangu," mkwe akamcheka. "Bwana wa kwenye filamu hakulalamika hivyo." Akaenda jikoni.

Mwanangu hushinda juu ya nguzo za umeme, hurudi hoi. Filamu haijafika nusu, usingizi ukamchukua.

Hapo ndipo nilipogundua, ndugu zangu, kwamba sikuwa na haja ya filamu. Nilimtaka mtu wa kuitazama naye.

Nawausia: msimfiche mgonjwa huzuni ya wengine. Mkimficha, mnamwacha na yake peke yake.

Mwisho wa filamu niliuona peke yangu. Chozi likateremka, likaingia sikioni, likapoa humo.

"Adhabu yako imekwisha, mwanangu," nikasema.

Hakusikia. Alilala vile vile, mikono imenyooka.