Amri Isiyouliza Mara Mbili

Steshenari ya karibu na stendi ya Kasulu ilifurika siku ile. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka barua za kuomba kazi, na printa imegoma. Dorcas, dada wa kuchapa, blauzi ya njano na kitenge kilichomkaa sawasawa, alikuwa ameizima na kuiwasha mara nne. Watu wakaanza maneno.

"Dada, tumekuja kuprinti au kuposa?"

"Subirini jamani, nina mikono miwili tu!"

Kijana mmoja akapenya, shati la drafti, viatu vyekundu kwa vumbi la Kibondo. "Mrembo, nipishe kidogo." Akafungua kidirisha cheusi, akaandika *net stop spooler*, akafuta kazi zilizokwama, kisha *net start spooler*. Printa ikanguruma, ikaanza kutema karatasi.

"Umeiroga?"

"Nimeilaza, nimeifagilia, nimeiamsha."

"Na wewe nani anakufagilia?"

"Natafuta."

Foleni nzima ikacheka. Jina la kijana Habonimana, fundi wa kompyuta, kwao Murungu, huko Kibondo. Mama yake alikuwa amezikwa miezi miwili tu nyuma, lakini Dorcas siku hiyo aliona meno yake tu.

Mapenzi yao yakawa ya simu na daftari.

"Mpenzi, kalamu ipo?"

"Ipo, mwalimu wangu."

"Picha za wanafunzi zikikataliwa mtandaoni kwa sababu ya jpeg, usibadilishe moja moja utazeeka. Andika *ren *.jpeg *.jpg*, zote zinageuka."

"Mimi je, nitageuka lini kuwa mke?"

"Subiri, sha! Sasa andika *shutdown /s /t 3600*. Baada ya saa moja mashine itajizima, uje tule mahindi."

"Bosi akitokea?"

"*Shutdown /a*, inaghairi. Ila muda ukiisha, basi."

Siku moja sauti yake ikapoa. "Hii andika kwa wino mwekundu. *Rd /s /q* na jina la folda. Inafuta folda na vyote vilivyomo, wala haipeleki kwenye kapu la taka. Ile q ni kimya. Haikuulizi kama una uhakika."

Dorcas akaandika kwa wino mwekundu.

Mwezi wa nane Habonimana akaenda Murungu kuongea na wajomba zake. Akamwachia laputopu na neno la siri. "Nitunzie. Nikirudi nakuja na wazee kwenu, na humo kuna kitu nitakusikilizisha siku hiyo."

Siku ya kwanza simu haikupatikana. Ya pili haikupatikana. Murungu mtandao ni wa kupanda mlimani, Dorcas alilijua hilo. Lakini Nasma, aliyefanya naye kazi, alikuwa na mdomo.

"Mwanaume kuzima simu siku mbili! Shoga, huko ana mtu. Si amekuachia neno la siri? Fungua."

Wakafungua. Folda ya kwanza kabisa: MAXIMILLA. Ndani, sauti kumi na moja zilizorekodiwa.

Hata Nasma akasita. "Sikiliza kwanza moja."

"Nisikilize nini? Wanavyoitana mpenzi?"

Mwenye binti amsomee hapa kwa sauti. Kusikiliza kulikuwa ni kubonyeza mara mbili tu. Dorcas akafungua kidirisha cheusi, akaandika vile alivyofundishwa na yule aliyempenda, akamalizia na ile q. Folda ikapotea bila hata mlio. Kwa hasira akajaza laputopu filamu za Nasma mpaka ikasema haina nafasi.

Habonimana akarudi Jumamosi akicheka, na debe la asali mkononi.

"Wazee wamekubali! Wanakuja Jumapili ijayo."

"Wamlete na Maximilla wako."

Kicheko kikakatika. "Nani kakutajia jina la mama?"

Dorcas akashika ukingo wa meza. Miezi yote ile alikuwa akimsikia akisema "mama", "bibi mkubwa wetu", basi. Kwao, kama kwa kina Dorcas, mtoto halitamki jina la mzazi. Analiandika tu.

"Ile ya mwisho," Habonimana akasema polepole, "aliiongea akiwa kitandani. Alikuwa anaongea na wewe. Alikuwa hakujui, akasema, mwambie mke utakayempata... Umeifanya nini, Dorcas?"

"Nimetumia ile nyekundu."

Habonimana alihangaika siku tatu na programu za kurudisha vilivyofutwa. Vingerudi. Lakini zile filamu zilikuwa zimeandikwa pale pale zilipokuwa sauti. Alipata sekunde nne. Akamwekea Dorcas spika ya sikioni: kikohozi, halafu sauti ya mwanamke, "Mwana wanje..." Yaani, mwanangu. Basi.

"Nisamehe, Habo."

"Nimekusamehe. Ila nikikutazama nasikia pale inapokatika." Akafunga laputopu, akaipakata. "Asali mpe mama yako. Wazee nitawaambia mwenyewe."

Dorcas akamfuata mpaka stendi, hakugeuka. Jumapili ile nyumbani kwao kuku waliofungwa kwa ajili ya wageni walifunguliwa.

Yuko pale pale, anachapa barua za watu. Mteja akisema, "Dada, hiyo futa," mikono yake huganda.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Kaka yangu, una uhakika?"

Watu humcheka. Wanasema dada wa steshenari ana maswali mengi.