Jiwe la Mizani la Mzee Hedi

Kila Alhamisi Mongia aliosha jiwe la mizani la mumewe. Lilikuwa la chuma, la kilo moja. Mzee Hedi alilirithi kwa baba yake pamoja na duka la lozi na zabibu, katika mji wa Mahdia, karibu na bahari. Mongia alilisugua kwa limau na mchanga mpaka likang'aa. Kisha aliliweka dirishani likiwa bado na maji. Asubuhi lilikuwa limeshika kutu. Basi akalisugua tena, wala hakuchoka, maana Hedi alipenda kusifiwa kwa mizani safi.

Siku moja jirani yao Sayida aliingia dukani na mfuko wa lozi.

"Mzee Hedi, hizi nimezipima nyumbani. Hazifiki kilo. Hata wewe unapunja?"

Wateja wakageuka kumtazama. Hedi alimwongezea lozi, akafunga duka mchana kweupe.

Nyumbani hakugusa kuskusi.

"Kula basi," Mongia alimbembeleza. "Chakula kimekukosea nini?"

"Uzee huu, Mongia, leo naitwa mpunjaji! Duka silifungui tena."

Mongia alimwonea huruma mpaka machozi yakamlengalenga. Alilifunga jiwe katika shela yake, akapanda ngazi kwa Amna, binti wa jirani mwingine wa ghorofa ya juu. Kazi ya Amna ni kukagua mizani za maduka. Alilipima.

"Shangazi, jiwe limepungua."

"Kutu imelila!"

"Kutu haina meno, shangazi. Hebu tazama."

Amna alichukua waya wa kusugulia masufuria, akaukata vipande viwili vyenye uzito sawa. Kimoja alikiacha kikavu. Kingine alikilowesha maji, akakiacha hewani. Mongia aliporudi baada ya siku kadhaa, kilikuwa chekundu kwa kutu. Amna alikikausha vizuri juani, akaviweka vyote viwili kwenye mizani.

Upande wa kutu ukashuka.

"Ajabu! Kimekuwa kizito?" Mongia aliuliza.

"Ndiyo. Chuma kikikutana na maji na hewa, hunasa sehemu ya hewa iitwayo oksijeni. Chuma na oksijeni vikiungana, ndiyo kutu. Kwa hiyo uzito unaongezeka. Chumvi ya bahari huharakisha tu."

"Mbona jiwe letu limepungua?"

"Kwa sababu kutu haishiki vizuri. Hubanduka, au mtu huisugua. Ikitoka, hutoka na chuma chake. Chuma kipya kinabaki wazi, nacho kinashika kutu. Limau nalo linakula chuma. Nani analisugua?"

Mongia alitazama viganja vyake. Moyo ulimuuma.

Alirudi nyumbani, akamweleza mumewe kila kitu. Hedi alimkodolea macho. Kisha akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu siku ile.

"Kumbe mpunjaji nalala naye kitanda kimoja!"

"Nisamehe, Hedi. Nilitaka usifiwe."

"Najua, mke wangu. Lete kuskusi."

Kesho yake Hedi alifungua duka. Amna alimletea mawe ya shaba nyeupe yaliyokaguliwa, ambayo hayashiki kutu. Kila mteja wa zamani aliongezewa kiganja kizima cha lozi. Sayida naye alikuja.

"Ilikuwa kutu, Bi Sayida," Hedi alimwambia. "Kosa ni langu. Sikulitunza jiwe."

Mongia alitokeza nyuma ya magunia. "Mwongo huyo! Aliyelisugua ni mimi."

Sayida aliwatazama wazee wale wawili wakigombania kosa. Haya zikamshika.

"Na mimi nilipayuka mbele ya watu," alisema. "Nipimie kilo mbili, Mzee Hedi. Sizipimi tena nyumbani."

Jiwe la zamani sasa linazuia mlango wa duka usifungwe na upepo. Kila Alhamisi Mongia hulifuta kwa kitambaa kikavu, halafu hulipaka mafuta ya zeituni ili maji na hewa visilifikie.

"Polepole, mke wangu," Hedi humtania. "Usilimalize."