Kona ya Kanisani

Gari lilizima mchana kweupe, kwenye kona ya kanisa, likiwa na mafuta tele. Solbjørg akazungusha ufunguo, likaitika. Hakulitilia maanani. Aprili kule Lyngen, kaskazini ya mbali, theluji bado imekaa, na gari nalo hupigwa na baridi kama mtu.

Yeye alikuwa muuguzi wa kuzungukia wazee majumbani. Gari hilo alipewa na dada yake, Gunnvor, wiki mbili nyuma, na siku hiyo alimkumbatia kwa shukrani hadi machozi yakamtoka.

Kesho yake likazima palepale. Akalipeleka gereji.

"Gari zima hili, dada," fundi alisema akijifuta mikono. "Labda limekuchoka tu."

"Kwa hiyo nisihofu?"

"Ukihofu, panda basi."

Akacheka, akaondoka nalo.

Siku ya tatu lilipozima, mkono wake haukufika kwenye ufunguo. Kwenye kiti cha nyuma mtu alikuwa akihema, pumzi nzito ya kukwaruza, na kwa pumzi hiyo ikaja harufu ya kafuri, kafuri ileile aliyokuwa akimpaka mzee Edvin kifuani kila asubuhi kwa miaka minne, Edvin aliyegongwa Januari kwenye kona hiyo na kuachwa mtaroni mpaka akaganda, na aliyemgonga hakujulikana hata leo. Solbjørg akainua macho kwenye kioo. Kiti kilikuwa kitupu. Mkanda wake ulikuwa umefungwa.

Gari lilipowaka tena, alikwenda nalo moja kwa moja kwa mzee Ovla, Msami wa kabila la wenyeji wa huko, anayesomea watu dua. Ovla aliweka kiganja kwenye boneti, akanong'ona maneno yake, kisha akakivuta kama aliyegusa jiko la moto.

"Hana ugomvi nawe, mwanangu. Anamtaka aliyeshika usukani siku ile."

 Solbjørg akampigia Gunnvor simu.

"Lilikuwa likikuzimia na wewe?"

Kule kwa dada yake mlango ukasikika ukifungwa.

"Gunnvor!"

"Kila siku," dada yake alinong'ona. "Nilidhani kwako atatulia. Si alikupenda?"

"Uliimba kwenye mazishi yake! Ulinishika mkono nikilia!"

"Nilikuwa naogopa. Mdogo wangu, usimwambie mtu."

Solbjørg alikata simu. Jini, mzuka, vyovyote watu watakavyomwita, hakumuumiza kama sauti ile. Damu yake mwenyewe ilikuwa imemtwisha maiti na kuiita zawadi.

"Unaweza kumtoa?" alimuuliza Ovla.

"Kumtoa naweza. Pa kwenda anapajua mwenyewe."

Solbjørg akaweka ufunguo wa gari kwenye kiganja cha Ovla.

"Mtoe."

Ovla akasoma, akasoma, mpaka mkanda wa nyuma ukafyatuka wenyewe, mlango ukafunguka taratibu, na harufu ya kafuri ikawapita wakiwa wamesimama, ikateremka barabarani kuelekea upande anakokaa Gunnvor. Solbjørg akapiga simu polisi, akaeleza yote.

Jumapili adhuhuri, kabla polisi hawajafika kwa Gunnvor, mlango wa Solbjørg ukagongwa.

"Nifungulie, mdogo wangu. Upesi, nakuomba."

Solbjørg akachungulia dirishani. Dada yake alikuwa peke yake kizingitini, bila koti, midomo ikimtetemeka. Lakini kwenye theluji mpya iliyoanguka asubuhi, nyayo zilizotoka barabarani zilikuwa za watu wawili, zimeandamana bega kwa bega hadi mlangoni.

Akalirudisha pazia, akaongeza komeo la pili.