Mapengo ya Mstari wa Tatu

Kila alipotoka shule, Ratri alipitia kituo cha utafiti wa mpunga karibu na mji wa Demak. Mama yake mdogo, Wening, alikuwa mtafiti pale. Maji ya bahari yalikuwa yameanza kuingia mashambani, naye alitafuta mpunga unaostahimili chumvi.

"Mama mdogo, kwa nini mche huu umekufa na wa jirani uko hai?"

"Ningejua ningekuwa nimemaliza kazi. Hebu nipumue, mtoto!"

Wiki ile serikali ilikuwa ikiunganisha vituo vya utafiti chini ya ofisi moja ya Jakarta. Kituo ambacho faida yake haikuonekana kingefungwa, na watafiti wake wangehamishwa. Wakaguzi walikuwa njiani.

Katika shamba la majaribio kila mstari ulikuwa na mbegu yake. Ratri aliutazama mstari wa tatu, mapengo matupu, akaona aibu. Babu yake alimfundisha kwamba mkulima hodari haachi pengo. Mche ukifa, hupandia mwingine. Basi siku ya ukaguzi aliwahi alfajiri, akang'oa miche iliyokufa na kupandia mibichi kutoka kitaluni. Shamba likapendeza.

Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, alitabasamu. "Mstari wa tatu haujafa hata mche mmoja? Basi mbegu hii tuwagawie wakulima."

Wening alikodoa macho. Ratri alimfikiria babu akipanda mbegu ile na kuvuna majani makavu.

"Ni mimi," akasema. "Niliziba mapengo. Nilidhani ninasaidia."

"Ala! Ratri!"

"Unaikumbuka miche uliyoipandia?" mkaguzi akauliza.

Ratri akaingia topeni, akaing'oa yote mbele yao. Mapengo yakarudi, na hapo ndipo ilipoonekana wazi jinsi mstari wa nne, wa mbegu nyingine, ulivyosimama wenyewe bila kupandiwa, katika chumvi ileile. Mkaguzi aliuchunguza kwa muda mrefu.

"Kituo kitaunganishwa, hilo limeshaamuliwa," akasema. "Lakini shamba hili litabaki, na mtafiti wake pia."

Wageni walipoondoka, Wening alimshika Ratri bega.

"Babu yako hakukosea. Kwake pengo ni hasara, hapa pengo ni jibu. Tukilificha, watu watalala njaa kwa uongo wetu. Umefanya vyema kusema kweli. Ila siku nyingine uliza kwanza, mwanangu. Maswali yote yale unayonichosha nayo, la maana ndilo uliloliacha!"