Taa ya Otilia

Kituo cha tramu cha Zócalo, uwanja mkuu wa mji, kilikuwa kimefurika watu, na katikati yao alisimama malkia. Gauni la mahameli jekundu, taji la bati, uso umepakwa poda ya manjano ya sinema. Studio haikuwa na chumba cha kubadilishia nguo, basi Otilia Barragán alirudi nyumbani hivyohivyo, kidevu juu, na aliyetaka kucheka acheke.

"Mtukufu," kijana mmoja mwembamba akainama, "farasi wako wamegoma?"

"Wamegoma. Nipishe nipande, mpambe."

"Mpambe ana jina. Fermín. Picha zako zote, kwa kuwa hazina sauti, nazipigia piano mimi, pale jumba la sinema la Santa María. Ukilia, vidole vyangu ndivyo vinavyowaliza watu."

"Thubutu! Wanalizwa na macho yangu."

Macho! Hayo ndiyo yaliyommaliza Fermín, na hayohayo nusura yamkoseshe mke.

Wakapendana, jamani, mapenzi ya kushibana. Mji ulikuwa na kampuni mbili za simu zisizoungana waya, na simu ya nyumbani kwa Otilia haikuipata ile ya sinema. Basi kila jioni nyota mzima alishuka hadi duka la dawa, lililokuwa na simu ya kampuni ile nyingine, kumpigia mpiga piano.

"Roho yangu, umekula?"

"Nimekula. Otilia, Jumapili alfajiri nakuja na wanamuziki dirishani kwako. Ukikubali nikuoe, washa taa."

"Sinema siachi, unasikia?"

"Nani kakwambia uache? Nitampigia nani piano?"

"Basi njoo. Nitawasha hadi mtaa mzima uamke!"

Jumamosi wakapiga picha ya uso wake kwa karibu, chini ya zile taa kali za studio. Mwongozaji alitaka machozi, akayataka tena na tena. Wenzake walimsihi apumzike. Otilia apumzike? Hakuna. Jioni macho yakavimba, yakawasha kana kwamba yametiwa mchanga. Daktari akamfunga vipande vya viazi vibichi machoni na kuamuru giza, wiki nzima.

Alfajiri magitaa yakalia chini ya dirisha.

"Shangazi Amparo, washa taa!" Otilia akamwambia shangazi yake aliyekuwa akimuuguza.

"Daktari kasema giza. Halafu taa huwasha mwenye kuposwa. Nikiwasha mimi, si nitakuwa nimemkubali mimi?"

Otilia akaruka kutoka kitandani, akapapasa mezani, taa ikaanguka ikavunjika. Akaita, "Fermín! Fermín!" lakini waimbaji walikuwa wamepaza sauti. Wimbo ukaisha, dirisha jeusi, majirani wanachungulia. Fermín akavaa kofia yake akaondoka. Kwa watu wa mtaa ule, hilo ni jibu.

Shangazi akatumwa sinemani kueleza. "Jibu nimeshalipata, mama," Fermín akamkata, wala hakumsikiliza. Otilia akalia chini ya viazi vyake.

Picha ilipoonyeshwa mara ya kwanza, pale pale Santa María, Otilia aliingia na gauni jeupe na miwani myeusi. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Fermín peke yake hakugeuka.

Uso wa Otilia ukajaa kwenye kitambaa cha sinema, mkubwa kama nyumba, na yale machozi yakaanza kuteremka. Piano ikasita. Kisha vidole vya Fermín vikateleza vyenyewe kwenye ule wimbo wa dirishani.

Kumbe bado ananipenda! Otilia akamgeukia bwana mmoja jirani yake mwenye sigara. "Kiberiti, tafadhali."

Akavua miwani, akawasha njiti, akainyanyua juu ya kichwa.

"Zima! Filamu itashika moto!" mlinzi wa mlango akapiga kelele.

Nani amsikilize? Watu wale walijua vizuri maana ya mwanga unaojibu wimbo. Wanawake wakaanza vifijo, na piano ikanyamaza.

"Fermín! Taa za studio ziliniunguza macho, nikaivunja taa yangu nikiitafuta gizani. Hii hapa! Unaiona?"

"Naiona, mpenzi wangu," Fermín akainuka. "Nakuja!"

"Usithubutu! Picha yangu haijaisha. Kaa, upige."

Fermín akacheka huku analia, akakaa, akapiga kuliko siku zote. Njiti ikamfika Otilia vidoleni. Akawasha ya pili.