Helmeti ya Lonzo

Chumba cha tiba chini ya uwanja wa Chuo cha Brandt kilikuwa kimejaa miguu. Wachezaji wa mpira wa Kimarekani walikaa juu ya meza wakining'iniza nyayo, wakitaniana, wakinuka jasho la Agosti. Marit Halvorsen, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa tiba ya wanamichezo, aliwafunga vifundo kwa plasta mmoja baada ya mwingine bila kuinua uso.

"Mguu," alisema.

"Hata habari za asubuhi hakuna?"

Sauti hiyo hakuijua. Alipotazama juu aliona kijana mweusi, mrefu, fulana yake ya njano imekunjamana kwa safari, begi bado liko begani.

"Wewe nani?"

"Lonzo Pruitt. Nimeshuka basi sasa hivi, natoka Texas, nimehamia hapa kwa mwaka wangu wa mwisho. Kocha kaniambia hamna mtu wa kurusha mpira."

"Tunaye."

"Yuko wapi?"

"Kaacha chuo jana!" akadakia kijana mmoja mnene kutoka pembeni. "Kaenda kuuza matrekta na baba yake!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Marit naye alijikaza, ikashindikana, akacheka.

"Haya, lete mguu, Texas."

"Ndiyo, Daktari."

"Mimi si daktari."

"Utakuwa. Mikono yako inaniambia."

Brandt ni chuo kidogo katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa. Hapo hakuna anayelipwa kucheza, wala anayeota kulipwa. Wanacheza kwa kupenda, na msimu ule walipenda huku wakipigwa. Walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, wakafungwa mvuani mbele ya ng'ombe wa jirani. Lakini kila baada ya mechi Lonzo alisubiri wenzake wote wakatwe plasta zao ndipo akae mezani yeye, ili mkasi wa Marit uende polepole na maneno yawe mengi.

Oktoba walikuwa tayari wanagawana pai ya tufaha katika mkahawa wa pekee mjini, Marit katika sweta kubwa ya bluu aliyofumiwa na shangazi yake, Lonzo akitetemeka ndani ya makoti mawili.

"Baridi hii mnaifuga au inazaliwa yenyewe?"

"Hii bado si baridi, mpenzi."

"Umeniitaje?"

Marit akainamia sahani, masikio mekundu. "Kula pai yako."

"Siwezi. Nimeshiba sasa hivi."

Wikiendi Marit alipokwenda kwao, Lonzo alimpigia simu mara nyingi hadi mama yake Marit akauliza kama huyo kijana hana masomo. Lonzo alimsimulia juu ya bibi yake, Bi Odessa, aliyemlea tangu utotoni na ambaye hakuwahi kumwona akicheza chuoni. Bibi angekuja kwenye mechi ya mwisho, siku ambayo wanaomaliza chuo hutembea hadi katikati ya uwanja na watu wao, wakitajwa majina na kumpa mama au mlezi ua.

"Nataka anione nikirusha, Marit, kabla macho yake hayajafifia kabisa. Mara moja tu. Kisha nivue viatu, nitafute kazi kama watu wengine."

Mechi ya kabla ya hiyo, jambo lisilotarajiwa likatokea: Brandt walikuwa wanaongoza. Jukwaa dogo lilipiga kelele kama jukwaa kubwa. Ndipo Lonzo akaangushwa, kichwa kikagonga ardhi. Akainuka upesi, akapangusa nyasi, akaenda kwenye duara ambamo wachezaji hunong'onezana kabla ya kuanza tena. Akaingiza kichwa, akaanza kutoa maagizo.

Duara lile lilikuwa la wapinzani.

Uwanja mzima ulicheka. Hata kocha alicheka. Marit pekee hakucheka, alikuwa anakimbia.

Alimkalisha kwenye benchi. "Tunacheza na nani leo?"

Macho ya Lonzo yalizunguka yakitafuta ubao wa matokeo.

"Usitazame huko. Nijibu mimi."

"Marit." Alimshika mkono, akashusha sauti. "Sema ni sawa. Ukisema si sawa, wiki ijayo sichezi. Bibi keshakata tiketi. Nakuomba, laazizi."

Hakuwahi kumwita hivyo. Lakini Marit akafanya lifanywalo na watu wa kazi yake kwa mchezaji asiyetaka kukaa: akachukua helmeti, kwa maana bila helmeti hakuna arudiye uwanjani, akaibana kwapani, akaenda kumwambia mkuu wake wa tiba ukweli: kichwa cha Lonzo kimetikisika.

Brandt walifungwa. Kijana mnene alimpita bila kumtazama. Kesho yake simu ililia.

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema," Lonzo alisema.

"Lingekuwa la uongo."

"Lilikuwa langu. Kichwa ni changu, bibi ni wangu."

"Na mimi je? Mimi nilikuwa wa nani?"

"Sitakupigia tena, Marit."

Aliyepiga siku mbili baadaye alikuwa Bi Odessa. "Mwanangu, najua mmegombana, lakini sipigi kwa ajili ya hilo. Macho yangu yameingia ukungu, na yule hawezi kunishika mkono huku anangoja kutajwa jina. Utanitembeza uwanjani? Uniambie yuko vipi. Na usinipake asali, kila mtu ananipaka asali siku hizi."

"Nitakwambia kama ilivyo, Bibi. Naahidi."

Jumamosi upepo ulikata masikio. Bi Odessa alivaa kofia ya zambarau ya kanisani na koti la kuazima. Walitembea taratibu juu ya nyasi zilizoganda, mbele ya timu iliyomnunia Marit, mbele ya jukwaa lililojua alichofanya. Katikati alisimama Lonzo na ua jeupe mkononi.

"Haya, niambie," bibi alisema.

"Amevaa jezi ya kijani, bila zile pedi za mabega za kuchezea, kwa hiyo inampwaya. Amenyoa. Amekonda kidogo."

"Anatabasamu?"

Lonzo alimtazama Marit. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile, na machozi yalimtiririka hadi kidevuni. Akatikisa kichwa polepole: usimwambie. Midomo yake ikaumba neno moja lisilo na sauti. Laazizi.

Marit alijua kwamba akisema "ndiyo", jioni hiyo simu yake ingelia.

"Hapana, Bibi," alisema. "Analia sana."

Lonzo akageuza uso. Bi Odessa akauachia mkono wa Marit, akanyoosha yake miwili mbele, akaenda kumtafuta.