Nilimchomea Bravin kwa Madam Kabla ya Kufungua Daftari

Jina la Bravin lilikuwa pale pale kwenye skrini. Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini.

Aliingia kwenye seva nikiwa sipo, akaweka alama ya hash (#), ile inayoiambia mashine iruke mstari, mbele ya mstari wangu mmoja, akatoka. Alama moja tu... na kazi yangu ya wiki mbili ikazimwa.

Hebu fikirieni, wasomaji wangu. Huyu ndiye mtu niliyekuwa nakula naye githeri kwenye bakuli moja!

Naitwa Jepleting. Mimi na Bravin Sitati tulikuwa mafundi wa kompyuta katika chuo kimoja hapa Nakuru, wote wawili kwa majaribio ya miezi sita. Miezi ilikuwa inaisha, na mkuu wa chuo, Madam Nangila, alituambia wazi kwamba atabaki mmoja.

Mmoja. Sasa mnaelewa kichwa changu kilikuwa wapi.

Internet ya chuo ni ya kujikokota, kwa hivyo tuna seva ya proxy inayokaa katikati. Mwanafunzi wa kwanza akifungua video ya somo, proxy inaweka nakala kwenye diski, na wengine wote wanapewa nakala hiyo. Hiyo ndiyo cache.

Alhamisi nilifunga diski mpya ya cache, nikajigamba kwa Madam kwamba Jumatatu lab itapaa. Halafu nikakimbilia nyumbani Rongai kwa koito ya dada yangu, wazee wa pande mbili wakae waelewane mahari. Simu nilizima siku zote tatu. Kwetu simu yako ikilia katikati ya mazungumzo hayo, hata shangazi zako watakuangalia vibaya.

Jumatatu nikarudi... video zinazunguka tu, wanafunzi wananung'unika. Nikafungua faili ya mipangilio, nikaiona ile alama.

Sikumuuliza Bravin. Hapo naomba mpashike.

Saa tatu asubuhi nilienda moja kwa moja kwa Madam, nikamwambia mwenzangu ameniharibia kazi makusudi ili abaki yeye. Madam alinisikiliza huku akikoroga chai, kisha akasema tukutane ofisini saa tano, sisi watatu.

Nikarudi chumba cha seva na furaha mbaya moyoni. Nikafuta ile alama, nikaiwasha proxy upya.

Ikakataa kuwaka.

Nikajaribu tena. Ikakataa! Sasa hata ile internet ya kujikokota ilikuwa imepotea, na lab nzima ikaanza kuniita.

Ndipo nikasoma log, kumbukumbu ya mashine yenyewe, kitu ambacho ningepaswa kufanya tangu mwanzo. Ilisema ruhusa imekataliwa, proxy haiwezi kuandika kwenye folda ya cache. Nikaangalia folda ni ya nani...

Ya root. Akaunti kuu ya mashine. Ile niliyoitumia mimi Alhamisi, nikiharakisha kwenda Rongai.

Nilikuwa nimejenga stoo, nikaiandika jina langu, na mwenye mizigo nikamwacha nje bila ufunguo. Wala sikuwahi kuiwasha proxy upya nione kama inakubali. Niliondoka tu.

Nikaikabidhi proxy folda yake, nikaiwasha, ikakubali. Dakika nne. Lab ikatulia, lakini mimi sikutulia.

Kuna daftari kwenye chumba cha seva, limefungwa kwa kamba mezani. Anayegusa seva lazima aandike. Mimi Alhamisi sikuandika chochote. Nikalifungua.

Mwandiko wa Bravin ulisema hivi: "Ijumaa. Stima imepotea, seva imejizima na kurudi, proxy imekataa kuwaka. Folda ya cache iko kwa root. Nimezima cache kwa muda wanafunzi wapate net. Jepleting hapatikani, yuko koito. Sijagusa diski, ni kazi yake, atamalizia Jumatatu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilipofika ofisini, Bravin alikuwa ameshakaa. Madam akamuuliza kama ni yeye aliyezima cache.

"Ni mimi, Madam."

"Kwa nini?"

Aliniangalia mara moja tu. "Hiyo disk ni ya Jepleting. Wacha yeye akuexplainie."

Jamani... Madam hajui root ni nini. Ningesema lolote pale, lingepita. Kazi ilikuwa karibu niiguse kwa mkono.

Nikaliweka daftari mezani, kipande cha kamba kikining'inia.

"Madam, makosa ni yangu. Bravin alikuwa ananisaidia."

Madam hakulifungua.

"Hii nimesoma leo saa mbili, kabla hujakuja kumshtaki. Mimi huisoma kila Jumatatu. Hiyo maneno ya root sikuelewa. Nilielewa tu pale ameandika ni kazi yake."

Akalisukuma daftari upande wangu.

"Ungekuja nayo ile saa tatu, ningekuwa na uamuzi mgumu sana kati yenu leo."

Kazi alipewa Bravin.

Siku hizi natengeneza kompyuta kwenye duka dogo Salgaa, na aliyeniambia kuna nafasi ni Bravin huyo huyo. Mezani kwangu kuna daftari lililofungwa kwa kamba, na naandika kila kitu ninachogusa.

Wewe unayesoma, kama leo umepanga kumchomea mtu kwa mkubwa, soma log mpaka mwisho. Halafu muulize yeye kwanza. Mimi ingenichukua dakika mbili tu.